Kinga Inapopofua: Jeni, Ulinzi wa Mwili na Magonjwa ya Retina



Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray karibu na Paris, mtoto wa miaka mitatu aliingia katika karakana ya baba yake, aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akachukua chombo chenye ncha kali kuchezea, kikamchoma jicho. Mtoto huyo ni Louis Braille, ambaye ukubwani aliwapa wasioona maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole hadi leo, hata katika shule zetu. Maandishi hayo yana wahadhiri wake. Mimi nina swali la kidaktari tu: aliumia jicho moja, kwa nini alipofuka yote mawili? Alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Jibu lililozoeleka ni kwamba usaha wa jicho lililoumia ulihamia la pili. Madaktari wengi wa macho wakiisoma habari hiyo leo wanaona jambo jingine. Jicho likipasuka, protini zake zilizokuwa zimefichwa ndani hutoka nje, na seli za kinga hukutana nazo kwa mara ya kwanza. Huzihesabu kuwa ni adui. Kisha huzifuata popote zilipo, pamoja na kwenye jicho ambalo halikuguswa na kitu. Ugonjwa huo upo, tunauona mpaka leo kwa nadra baada ya ajali au upasuaji, na ndiyo maana daktari akikuta jicho limepasuka vibaya huwa na wasiwasi kuhusu lile lililo zima.

Hoja yangu jioni hii ni fupi. Katika magonjwa mengi ya retina mwili haujapungukiwa kinga; kinga imekosa kizuizi, na nguvu ya kizuizi hicho kwa sehemu kubwa tunairithi kwa wazazi. Nalisema kwa makusudi. Kwenye redio, kwenye mabasi na kwenye simu zetu, kila chupa ya majani yaliyochemshwa inanadiwa kwamba "inaongeza kinga", na watu ambao macho yao yanafifia ndio wateja wazuri kuliko wote.

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho kwa ndani. Unene wake haufiki nusu milimita. Kwa asili ni sehemu ya ubongo: mimba ikiwa changa, huchomoza kutoka kwenye ubongo unaoanza kuumbika. Ina zaidi ya seli milioni 90 za fimbo, zinazotuwezesha kuona gizani, na takriban milioni 6 za koni, ambazo kazi yake ni rangi na vitu vidogo. Koni zimesongamana katikati, kwenye eneo dogo liitwalo makula. Hapo ndipo unaposomea gazeti, na hapo ndipo unapotambulia sura ya mjukuu wako. Seli hizi zikifa hazioti tena. Jipu la mguuni likipona huacha kovu na mtu anaendelea na shughuli zake. Retina ikipata kovu, kovu lenyewe ndilo upofu.

Kwa hiyo mwili umeiwekea retina utaratibu wa pekee. Kuta za mishipa yake ya damu zimebana kiasi kwamba seli za kinga hazipiti ovyo, na ndani ya jicho kuna kemikali zinazozituliza zile chache zinazopenya. Mwaka 1948 Peter Medawar wa Uingereza alionyesha kwamba kipande cha ngozi ya sungura mmoja, kikipandikizwa katika chumba cha mbele cha jicho la sungura mwingine, kinaweza kuishi humo, ilhali kikipandikizwa kwenye ngozi yake hukataliwa. Mwaka 1960 Medawar alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia kwa kazi yao juu ya namna mwili unavyojifunza kuvumilia. Lakini upendeleo huu una gharama. Kwa kuwa jicho limefichwa, seli nyingi za kinga hazipati kulizoea. Siku ukuta unapovunjika, zinaingia bila kujua kwamba ziko nyumbani.

Sasa niende kwenye ugonjwa uliotupa ushahidi mkubwa kuliko mwingine wowote: kuchakaa kwa makula kunakoletwa na umri. Mgonjwa ni mtu wa miaka 60, 70, 80. Pembeni anaona vizuri, hajikwai njiani, lakini katikati pana kivuli. Fremu ya mlango na nguzo ya umeme vinaonekana vimepinda. Anapishana na jirani wa miaka mingi asimtambue mpaka atoe sauti, na hapo ndipo maneno yanapoanza kwamba bibi siku hizi anajidai.

Nyuma ya makula kuna tabaka la seli zenye rangi nyeusi ambazo kazi yake ni kulisha na kufagia. Kila siku fimbo na koni hutupa karibu sehemu ya kumi ya ncha zake, na seli nyeusi humeza mabaki hayo, siku baada ya siku, maisha yote. Yasiyomalizika hurundikana chini yao kama chembe za manjano ziitwazo drusini. Madaktari wamezijua tangu karne ya 19, wakazihesabu kuwa taka za uzee, basi. Ilipokaribia mwaka 2000, Gregory Hageman na wenzake huko Marekani walizichambua drusini za macho yaliyotolewa na marehemu, wakakuta humo protini za kinga, hasa za mfumo uitwao komplementi. Ilikuwa ishara kwamba chini ya makula ya mzee kuna vita inayoendelea kimyakimya.

Komplementi ni jamii ya protini zaidi ya 30 zinazozunguka katika damu na majimaji ya mwili. Jules Bordet wa Ubelgiji alipata Nobel ya mwaka 1919 kwa sehemu kwa ajili ya kuzifafanua. Sehemu nyingine za kinga hungoja amri. Komplementi haingoji. Protini yake kuu, C3, hujiwasha yenyewe kidogokidogo saa zote na kujibandika kwenye chochote kilicho karibu. Ikijibandika kwenye bakteria, bakteria hutobolewa na kufa. Ikijibandika kwenye seli yako mwenyewe, kinachoiokoa seli hiyo ni breki, na breki iliyo kubwa ni protini iitwayo Fakta H.

Mwaka 2005 makundi matatu ya watafiti, kila moja likifanya kazi kivyake, yalitoa matokeo yaleyale katika jarida la Science. Kundi la Hageman likafuata mwaka huohuo katika jarida jingine. Kundi la Robert Klein na Josephine Hoh lilikuwa limelinganisha wagonjwa 96 na watu 50 wasio na ugonjwa, likakagua alama 116,204 katika vinasaba vyao. Watu 146 tu! Leo mtafiti wa kisukari au presha huomba maelfu kwa maelfu ya watu ili aone kijitofauti kidogo. Hapa jibu lilijitokeza lenyewe: kromosomu ya 1, jeni ya Fakta H. Herufi moja ya jeni imebadilika, na kwa sababu hiyo, katika nafasi ya 402 ya protini, palipopaswa kuwa na tairosini pana histidini. Katika kundi lile, aliyerithi nakala mbili za aina hii, moja kwa baba na moja kwa mama, alikuwa na hatari ya ugonjwa mara 7.4 ya asiye nayo.

Breki hii haijakatika. Imelegea. Fakta H ya aina ya histidini haing'ang'anii vizuri kwenye utando ulio chini ya seli nyeusi, kwa hiyo komplementi inapata nafasi ya kuung'ata utando huo kidogo leo na kidogo kesho. Ndiyo sababu mwenye jeni hii haugui akiwa na miaka 10 wala 40. Anahitaji kuishi muda mrefu kwanza. Na akivuta sigara anaufupisha muda huo: mvutaji ana hatari ya mara mbili hadi nne ya asiyevuta, na ndani ya vitu vyote ambavyo mgonjwa mwenyewe anaweza kuvibadilisha, sijui kinachozidi hicho.

Kufikia mwaka 2016 ushirika wa watafiti wa nchi nyingi ulikuwa umehesabu tofauti 52 za vinasaba, katika maeneo 34, zinazohusiana na ugonjwa huu. Kadhaa ni za komplementi tena: C3 yenyewe, C9, Fakta I. Eneo jingine lenye uzito mkubwa liko kwenye kromosomu ya 10, na jinsi linavyofanya kazi bado wataalamu wanavutana mashati.

Wengi wa watu waliopimwa katika tafiti hizo wana asili ya Ulaya. Je, sisi? Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliopima ile aina ya histidini kwa watu wa asili mbalimbali. Miongoni mwa Wasomali ilikuwa takriban 34% ya nakala zote za jeni, karibu sawasawa na Wamarekani weupe na Wamarekani weusi. Wajapani walikuwa na 7% tu. Kwa kipimo hicho breki ya jirani yetu wa Mogadishu imelegea sawa na ya Mzungu. Lakini uchunguzi uliofanyika Baltimore, mji wenye weupe na weusi wengi, ulikuta hatua ya mwisho ya ugonjwa ni nadra zaidi kwa weusi. Na Wajapani, ambao breki yao ni imara, wanaugua vilevile. Jeni ileile, matokeo mbalimbali. Mtu akikuambia kwamba rangi yetu nyeusi inatukinga na habari imeisha, mwombe ushahidi. Maelezo hayo yanarudiwa kwa ujasiri kuliko yanavyostahili.

Kenya ilishatupa kipimo cha kuanzia. Mwaka 2007 na 2008, Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake walichunguza macho ya watu zaidi ya 4,000 wa miaka 50 na kuendelea huko Nakuru, mjini na vijijini, na kuipiga picha retina. Takriban 11% walikuwa na dalili za awali za kuchakaa kwa makula, na 1.2% walikuwa katika hatua ya mwisho. Asilimia moja na kidogo yaweza kusikika ndogo. Zidisha kwa wazee wote wa nchi, na kumbuka kwamba wazee wanaongezeka. Anayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu hajasoma Nakuru.

Breki iliyolegea si njia pekee ambayo urithi hupitia. Kwenye kromosomu ya 6 kuna jeni za HLA, zinazotengeneza vibebeo ambavyo seli hutumia kuzionyesha seli za kinga vipande vya protini: hiki ni changu, hiki kigeni. Kuna ugonjwa nadra wa retina na tabaka lililo nyuma yake, unaoacha madoa meupe kama risasi za kuwindia ndege, ambao zaidi ya 95% ya wagonjwa wake wana aina moja ya HLA, A29. Hakuna ugonjwa mwingine tunaoujua uliofungamana na HLA kwa nguvu namna hii. Hata hivyo takriban 7% ya watu wa asili ya Ulaya wana A29, na karibu wote huzeeka na macho yao salama. Ndiyo maana mimi ni mkali kwa wanaouza vipimo vya jeni kwenye mtandao na kumwandikia mtu kwamba "ana jeni ya upofu".

Kwa upande wetu wa dunia somo kali kuliko yote lilitoka kwenye UKIMWI. Kinga ikiporomoka sana, seli za CD4 zikiwa chini ya 50, kirusi cha saitomegalo, ambacho wengi wetu tunacho mwilini bila habari, huamka na kuila retina. Mtu anaweza kusema: basi hapo kinachohitajika ni kinga, tumwongezee. Tukamwongezea. ARV zikafanya kazi, CD4 zikapanda, kirusi kikalala. Na kwa baadhi ya wagonjwa hao, wiki au miezi baadaye, jicho likavimba upya kwa ndani na makula ikajaa maji, kwa sababu kinga iliyorudi ilikuta mabaki ya kirusi na kuanza kuyapiga kwa bidii. Mgonjwa anapona, jicho linaumia. Asiache ARV hata siku moja kwa ajili hiyo. Tiba ya jicho ipo. Nawaeleza ili tuache kudhani kwamba kinga kadiri inavyozidi ndivyo afya inavyozidi.

Kundi lililobaki ni magonjwa ya jeni moja, ambayo hayasubiri uzee. Mkubwa wao hujulikana kwa madoa meusi yanayotapakaa retina, na humpata takriban mtu mmoja katika kila 4,000 duniani. Mtoto anaanza kwa kutoona gizani, kisha uwanja wa kuona unabana miaka kwa miaka mpaka anachungulia dunia kupitia tundu. Mwaka 1990 kundi la Thaddeus Dryja kule Boston lilionyesha kosa la kwanza, katika jeni ya rodopsini. Leo jeni zinazohusika zimepita 80. Nyingine huchukua na masikio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikuta kwamba sehemu kubwa ya Waafrika weusi wa Afrika Kusini wanaozaliwa na usikivu hafifu na kisha kupoteza macho wana kosa moja lilelile katika jeni ya MYO7A, dalili kwamba linatoka kwa babu mmoja wa zamani.

Naomba nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo familia zinapoteseka bure. Mtoto asiyeona gizani hupewa vitamini A, na ni haki, kwa kuwa upungufu wa vitamini A ndio sababu ya kawaida kwa watoto wadogo wasiopata lishe. Lakini akishapewa ipasavyo na haponi, tusiendelee kumnywesha. Huenda ana vitamini hiyo tele, ila jeni iitwayo RPE65 imeharibika na jicho haliwezi kuigeuza iwe katika hali inayotakiwa. Na katika ugonjwa mwingine wa kurithi, unaoharibu jeni ya ABCA4 na kuwapofua vijana sehemu ya katikati, vitamini A ya ziada huongeza taka zenye sumu nyuma ya retina. Vidonge vya "macho" vinavyonunuliwa dukani bila uchunguzi vinaweza kumdhuru kijana huyo.

Nyingi za jeni hizi hufanya madhara pale tu mtoto anaporithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wenyewe wanaona vizuri. Ndipo mama anaposingiziwa, ndipo mganga anapoitwa, ndipo ndoa inapovunjika, ilhali baba amechangia nusu kamili. Ndoa za binamu, ambazo ni za heshima katika jamii nyingi za pwani na kwingineko, huongeza uwezekano wa nakala mbili kukutana. Sisemi ziharamishwe. Nasema ukoo ambao tayari una watoto wawili watatu waliopofuka kwa namna moja uzungumze na daktari kabla ya posa, wala usifiche.

Jeni ya RPE65 ndiyo iliyofungua mlango wa tiba ya jeni. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba mbwa waliozaliwa hawaoni, mmoja wao akiitwa Lancelot, wameanza kuona baada ya kudungwa nyuma ya retina kirusi kisicho na madhara kilichobeba jeni nzima. Desemba 2017 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa binadamu. Bei yake ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Na jambo ambalo magazeti hayakulisema sana: mgonjwa hupewa vidonge vya steroidi kuanzia siku chache kabla ya sindano, ili kinga yake isiishambulie tiba. Hata katika jicho, mahali palipopendelewa, lazima kwanza uombe kibali cha kinga.

Kwa kuchakaa kwa makula, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili zinazozuia komplementi, moja ikilenga C3 na nyingine C5. Zote hudungwa ndani ya jicho, mara kwa mara. Zinapunguza kasi ya kufa kwa retina. Hazirudishi uoni uliopotea, na mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikataa ile ya C3 kwa hoja kwamba faida anayoiona mgonjwa mwenyewe haijathibitika. Mimi nawaelewa. Kinachotufaa zaidi sasa hivi ni bevasizumabu, dawa ya zamani ya saratani inayozuia mishipa mipya ya damu ambayo kwa baadhi ya wagonjwa huota na kuvuja chini ya makula. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na wenzake, na ikiwahi huokoa makula. Neno ni ikiwahi.

Basi nina maombi. Hospitali zetu ziandike ukoo wa kila mgonjwa wa retina, zisiandike tu "uoni hafifu" na kumpa miwani. Wanaokuja kuchukua damu zetu kwa ajili ya vinasaba tuwapokee, ila kwa mkataba unaosema majibu yatarudi kwa nani na tiba ikipatikana nani ataimudu. Nanyi mliomo ukumbini: ukiona mstari ulionyooka umepinda, ukiona nuru zinamwekamweka au uzi mweusi unaelea ghafla, au mtoto wako anajikwaa kila magharibi ikiingia, nenda ukatiwe matone ya kupanua mboni na retina itazamwe wiki hiyohiyo. Acha sigara. Na muuza chupa anayeahidi kuongeza kinga ya macho yako, mwambie unayo ya kutosha.